Jaketi la Timu

Miaka ile, Eldoret, mwanamume hakuhesabiwa kuwa amevaa mpaka awe na jaketi la traksuti. Msicheke. Suti walikuwa nazo walimu wakuu, makarani wa benki na wahubiri, na suti ikinyeshewa mara moja tu inanywea mpaka mwenyewe anaionea haya. Lakini jaketi la traksuti, lile la wakimbiaji, lilifaa kwa kila kitu. Alfajiri mtu alilivaa akakamue ng'ombe katika baridi ya Kapseret. Saa nne akalipangusa matope, akavaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vya ngozi, akaingia mjini bwana mzima. Mvua ikija, maji yanateleza. Baridi ikija, zipu inapanda hadi kidevuni. Lilikwenda kanisani, lilikwenda kuposa, na hakuna mchungaji aliyethubutu kulisema vibaya, maana mwanawe mwenyewe alikuwa analitamani.

Mafundi wa cherehani pale mjini walijaribu kuiga. Walishona mekundu yenye mistari myeusi na ya kijani, wakabandika herufi mgongoni, lakini rangi ilitoka siku ya kwanza ya kufuliwa na kila mtu akajua. Jaketi la kweli halikuuzwa dukani. Ulikimbia, ukashinda, ukachaguliwa kwenye timu ya taifa, ukapewa. Basi.

Kipyego alikuwa amepewa. Alikuwa kijana mrefu, mkimya, mtoto wa kwanza wa mama mjane wa Kapseret, na alipanga chumba Kimumu ili awe karibu na barabara ya vumbi aliyokuwa akikimbilia kila alfajiri. Mwaka ule alichaguliwa kwenda Ulaya kwa mbio za nyika. Vifaa vilitolewa mapema, na viongozi wa timu walivitoa pamoja na onyo: vyote ni mali ya serikali, na atakayefika kambini Nairobi akikosa hata soksi atabaki, nafasi yake apewe wa akiba. Hawakuwa wanatania. Kiprono wa Soy alikuwa ameuza viatu vyake vya timu mwaka uliotangulia, na ndege ilipoondoka yeye alikuwa anarudi nyumbani kulima mahindi.

Kipyego hakutaka kurudi kulima mahindi. Aliambiwa kwamba huko Ulaya kungekuwa na makocha wa vyuo vya Amerika, watu wanaotazama miguu ya vijana kama wanunuzi wanavyotazama ng'ombe mnadani, na anayewapendeza wanamchukua akasome bure. Nyuma yake kulikuwa na wadogo watatu na mama aliyeanza kulalamika mgongo. Safari ile ndiyo ilikuwa maisha yake yote, na aliijua hivyo.

Sasa mtazame Isaiah Obiero. Huyu alikuwa jirani yake Kimumu, mlango kwa mlango, mtu wa upande wa ziwa aliyekuja kufanya kazi ya ufundi wa mashine katika kiwanda cha nguo. Alikuwa amemzidi Kipyego kwa miaka kumi hivi, lakini walipatana tangu siku ya kwanza. Isaiah ndiye aliyekuwa akimshikia saa wakati wa mazoezi. Kipyego alipougua malaria, Isaiah ndiye aliyempakia kwenye baiskeli akampeleka hospitali, akimtukana njia nzima ili asilale. Mkewe Isaiah, Angeline, alimwekea Kipyego uji kila asubuhi bila kuulizwa, akamwita shemeji.

Kosa la Isaiah lilikuwa moja: alipenda kupendeza. Angeweza kulala njaa lakini si kutoka na shati lisilonyooka. Tangu jaketi lile lilipoingia katika chumba cha Kipyego, Isaiah hakupata usingizi. Alikuja kulitazama, akaligusa, akaingiza mkono mmoja halafu akautoa kwa heshima.

"Kijana, niazime hii kitu Jumapili moja tu," alisema hatimaye. "Watu wa kwetu wanafungua kanisa huko Soy. Nataka nikiingia waseme, leo Obiero amefika."

"Ni ya timu, Isaiah. Ikipotea mimi nimekwisha."

"Nani amesema itapotea? Mimi nimewahi kupoteza nini? Hata bibi sijapoteza, na wenye walijaribu kuninyang'anya ni wengi."

Kipyego alicheka. Ungefanyaje? Mtu amekubeba ukitapika, umnyime nguo ya siku moja? Akamwambia jioni iwe imerudi, Isaiah akaapa kwa jina la mamake. Jumapili asubuhi alitoka na jaketi lile, suruali ya kijivu yenye mkunjo mkali na viatu vinavyong'aa, akapanda baiskeli na kuiendesha polepole makusudi, kila mtu pale bombani amwone. Akina mama wakampigia vigelegele vya mzaha. Alipunga mkono kama mheshimiwa.

Hakurudi. Baada ya ibada, huko Soy, alikuwa amesimama na wenzake, soda mkononi, akisimulia jambo la kuchekesha. Akasema kichwa kinamuuma, akakaa chini, kisha akalala chini. Walimkimbiza mjini kwa pikapu ya muuza maziwa, na daktari akasema ni presha. Kipyego alipofika hospitali mbio, akihema kuliko alivyowahi kuhema mashindanoni, Angeline alikuwa ameketi kwenye benchi na mfuko wa nailoni mapajani. Ndani ya mfuko mlikuwa na nguo za mumewe, na juu kabisa palionekana kola nyekundu.

Siku ile Kipyego hakuliwaza jaketi, na nataka ijulikane hivyo. Alilia kama mtoto. Kesho yake ndipo lilipomjia, na lilipomjia alijichukia.

Alikwenda nyumba ya matanga jioni mapema. Uani watu walikuwa wamejaa: wafanyakazi wa kiwanda, majirani, watu wa kanisa. Angeline alikuwa ameketi kwenye mkeka, na alikuwa amevaa jaketi la timu. Zipu ilikuwa imepandishwa hadi kidevuni, mikono ya jaketi imepita vidole vyake. Kando yake aliketi mama mzee aliyefika kutoka nyumbani mchana ule, shangazi yake marehemu, akiitwa Mama Awuor. Ndiye aliyemvisha. Kwao, mume akifa, mke huvaa koti la mumewe na kumlilia ndani yake, na hulivaa mpaka kaburini na baada ya kaburi, hadi wazee waseme imetosha. Isaiah hakuwa na koti lingine la maana. Na hata angekuwa nalo, hili ndilo lililokuwa mwilini mwake alipokata roho.

Kipyego aliketi kwenye fomu. Angeline alimwona, akanyoosha mkono kumwelekea.

"Mnamwona huyo?" aliwaambia watu, sauti imekwisha kwa kulia. "Huyo si jirani. Jaketi ya timu, yenye yeye mwenyewe alipewa na serikali, alivua akampa bwana yangu. Isaiah aliniambia asubuhi hiyo ya Jumapili. Akasema, Angeline, Kipyego amenipa, sasa hii ni yangu. Alifurahi! Mimi sijawahi kumwona akifurahi vile. Alikufa akiwa na furaha, na ni wewe, shemeji."

Watu waliguna kwa shukrani. Mzee mmoja wa kanisa alikuja kumshika Kipyego mkono kwa mikono miwili. Hapo ndipo alipopaswa kusema. Neno lenyewe lilikuwa dogo, na uani ule kulikuwa na watu wenye busara ambao wangelishughulikia kwa upole. Lakini utamwambiaje mwanamke wa aina hiyo, mbele ya watu wote, kwamba mumewe alimpiga fiksi ili aonekane mkubwa? Kipyego aliinamisha kichwa. Akapokea sifa ya zawadi ambayo hakuitoa, na kuanzia dakika ile akawa ameshiriki uongo wa Isaiah, nusu kwa nusu.

Alikwenda Kapseret kumwona mama yake. Mama Jemutai alimsikiliza huku akichuja maziwa, na aliposikia sehemu ya kifo akaweka kibuyu chini.

"Hiyo nguo mtu amekufa nayo?"

"Ndiyo, Mama."

"Basi isiingie hapa kwangu." Kwao nguo ya marehemu haikuguswa hivi hivi. Lakini mama akatazama wadogo zake Kipyego waliokuwa wakigombania kijiko, uso ukambadilika. "Wakikuacha nyuma, itakuwaje?"

"Wataniacha tu."

"Basi kaichukue. Tutaiosha. Tutaita wazee waiombee. Mungu ataelewa, mwanangu, lakini hao wa timu hawataelewa." Akaanza kulia, na Kipyego alimwona mama yake akilia kwa hofu ya umaskini, jambo ambalo hata msibani kwa baba hakuliona.

Alirudi Kimumu amepiga moyo konde. Alimkuta Mama Awuor peke yake jikoni, akipepeta mchele, akaanza kwa mbali.

"Mama, hiyo jaketi... huyo mama ataivaa mpaka lini?"

"Mpaka wazee waseme. Wewe unauliza kwa nini?"

"Nilitaka kujua tu. Na ikitolewa kabla?"

Mama Awuor aliacha kupepeta. Alimtazama kijana huyu wa watu aliyempenda mpwa wake, na hakuona ubaya wowote katika swali lake. "Kumvua mjane koti ya bwana yake ni kumwambia hakuwa na bwana," alisema. "Hakuna mtu anaweza kufanya hivyo, baba. Hata adui." Akamwekea chai. Kipyego aliinywa ikiwa moto, akaungua, akaaga.

Nisimtetee sana. Alikuwa na nafasi ya kumwita Angeline kando, na hakuitumia. Kila alipoingia alimkuta na watu, au alijiambia amemkuta na watu. Kila alipofumba macho aliiona ndege ikiondoka. Alifikiri kwenda kambini na kusema jaketi limeibwa, lakini wizi wa mali ya serikali ungeletewa polisi, na polisi wangefuata jaketi mpaka kwenye mkeka. Kwa hiyo hakufanya lolote. Siku zikajisogeza zenyewe, mpaka ikafika ile ambayo kwa bahati mbaya ilikuwa na mambo mawili: lori la kumpeleka Isaiah kwao lingeondoka asubuhi, na mchana Kipyego alitakiwa awe safarini kwenda kambini.

Asubuhi hiyo jeneza lililetwa uani likawekwa juu ya viti. Maombi yalikuwa yamekwisha na lori lilikuwa limesimama barabarani, mlango wa nyuma wazi, wakati Kiptoo alipoingia.

Kiptoo alikuwa wa vijana wa chama pale mtaani. Kama hukuishi enzi zile, jua tu kwamba chama kilikuwa kimoja, na kijana mwenye beji kifuani aliweza kuingia harusini kwako akauliza kibali. Alikuja kuuliza nani ameruhusu mkusanyiko. Mzee wa kanisa alimwonyesha barua ya chifu. Kiptoo aliisoma, akaikunja taratibu, akiwa hajaridhika, maana mtu wa namna yake haridhiki kuondoka mikono mitupu. Ndipo macho yake yalipomwangukia Angeline.

"Mama, hiyo umevaa ni nini?"

"Ni ya bwana yangu."

"Bwana yako alikimbia kwa timu ya Kenya lini? Hiyo ni rangi ya taifa. Inavaliwa na timu peke yake. Wewe unaivaa kwa matanga, unaburuta kwa mavumbi, unataka kusema nini kuhusu serikali?"

Hakuna aliyetaka kusikika akisema chochote kuhusu serikali, hata kizuri. Lakini Angeline hakuogopa, na hilo ndilo lililokuwa baya zaidi. Aligeuka akamtafuta Kipyego katikati ya watu kama mtu anayemwita shahidi wake.

"Muulize huyo. Yeye ndiye alimpa."

Kiptoo alimjua Kipyego vizuri. Walisoma pamoja shule ya msingi, na siku zote Kiptoo alikuwa akifika wa mwisho.

"Bingwa," alisema, akitabasamu. "Ulipeana jaketi ya timu? Mali ya serikali? Sema tu ndiyo. Posta ni hapo, napiga simu kambini saa hii, wanajua cha kufanya. Ama hukupeana, na hii kitu imeibwa, na sisi wote tunaenda kwa chifu, na lori inangoja. Chagua."

Kipyego alimtazama Angeline. Alimwona akimtikisia kichwa kidogo, kumtia moyo, sema tu shemeji. Alitazama jeneza. Akilini alimwona mama yake ameketi na kibuyu, na ndege, na mzungu wa Amerika akigeukia kijana mwingine. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"Sikumpa," alisema. "Nilimwazima. Ilikuwa irudi hiyo jioni."

Kiptoo alikuwa wa kwanza kusema. "Basi chukua kitu yako, maneno imeisha." Akapiga makofi mawili ya kikazi, akasubiri.

Angeline hakusogea. Alikuwa akimwangalia Kipyego kama anayejaribu kumkumbuka.

"Aliniambia ulimpa."

"Shemeji..."

"Aliniambia ni yake. Alisimama hapo mlangoni akaniambia." Kisha ikamwingia, na watu wote uani waliona ikimwingia. "Kwa hivyo kitu ya mwisho aliniambia duniani ilikuwa uongo."

Aliishika ile zipu akaishusha mpaka chini, akatoa mkono mmoja, kisha wa pili. Ndani alikuwa na gauni jembamba la maua, na baridi ya asubuhi ya Eldoret mnaijua. Mama Awuor aliinuka kumzuia, akipiga kelele kwa lugha yao, lakini Angeline alimsogeza kwa upole. Alilikunja jaketi vizuri, mikono ndani, kola juu, kama alivyozoea kukunja nguo za mumewe aliyependa vitu vinyooke. Alitembea mpaka kwa Kipyego akamwekea mikononi. Lilikuwa bado na joto lake, na kwenye kola palinukia mafuta ya nywele ya Isaiah.

Kiptoo aliondoka akipiga mluzi. Hapo Kipyego akapata sauti, ile ambayo ilimpotea siku zote zile.

"Chukua," alisema, akimfuata nalo. "Shemeji, vaa. Kaa nayo. Wakiniacha, waniache. Mimi nasema mbele ya hawa watu wote, nimempa leo. Ni yake."

"Leo amekufa," Angeline alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira, Kipyego angeweza kuibeba. "Siwezi kwenda kumlilia ndani ya nguo ya mtu. Mama, niletee ovaroli yake."

Mama Awuor aliduwaa, kisha akaingia ndani. Alitoka na ovaroli ya bluu ya kiwandani, magoti yamepauka, kifua chote cheusi kwa mafuta ya mashine. Majirani wengi wa Kimumu hawakuwa wamewahi kuiona. Isaiah alikuwa akitoka nyumbani na shati jeupe na kurudi na shati jeupe, na ovaroli ilifika nyumbani Jumamosi tu, imefichwa ndani ya mfuko, ifuliwe na ianikwe nyuma ya nyumba pasipopita mtu. Jumamosi iliyotangulia kifo ovaroli ililetwa, na baada ya hapo hakuna aliyekumbuka kuifua. Angeline aliivaa juu ya gauni, akaikunja miguuni, akafunga vifungo mpaka shingoni. Akainusa kwenye bega. Hapo ndipo alipolia kilio ambacho siku zote zile hakuwa amekilia, na wafanyakazi wa kiwanda, waliokuwa na ovaroli kama ile majumbani kwao, wakavua kofia.

Dereva wa lori alipiga honi moja fupi. Wanaume wakaja kuzunguka jeneza. Kipyego naye akaenda, maana kama kuna bega lililopaswa kumwinua Isaiah Obiero lilikuwa bega lake, na hilo hata aliyemkasirikia hangelikana. Alilitundika jaketi kwenye mkono, akainama, akatafuta mahali pa kushika kwenye pembe ya mbele.

"Wacha, Kipyego," Angeline alisema nyuma yake. "Utachafua jaketi."

Alisimama wima. Fundi mmoja wa kiwanda akapita mbele yake, akashika pembe ile, wakainua.